Kabati la Kioo Halijibu Swali

Jumba la makumbusho likitangaza mazungumzo ya jioni, watu wengi huuliza swali moja: huyo mtaalamu atasema nini ambacho hakijaandikwa pale ukutani? Mifupa ipo. Kibao kipo chini yake, chenye jina, umri na mahali ilipopatikana. Mtu akishasoma kibao amebakiza nini, hata aahirishe chakula cha usiku na baadaye agombanie daladala ya kurudi nyumbani saa tatu?

Swali ni la haki, na jibu lake fupi ni kwamba kibao hakiulizwi. Kimeandikwa na makumbusho yenyewe, kinasema yale ambayo makumbusho yamekubali kuyasema kwa maneno hamsini, na kitayasema hivyo hivyo kwa mtoto wa darasa la pili na kwa profesa, mwaka huu na miaka kumi ijayo. Jioni ya mazungumzo, anayejua na anayetaka kujua wamekaa chumba kimoja, na huyo wa pili ana ruhusa ya kunyoosha mkono. Kwa maoni yangu hotuba yenyewe, iwe tamu namna gani, ni utangulizi tu wa kipindi cha maswali.

Makumbusho ninayoyazungumzia ni yale ya elimu viumbe, yaani yanayoweka wanyama, mimea, wadudu, miamba na mabaki ya viumbe vya kale. Arusha lipo moja, ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Nairobi lipo lile lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, ambalo leo ni makao ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. London na Berlin yapo makubwa zaidi, na humo ndimo vilimo vitu vingi vilivyochukuliwa kwetu. Kwa hiyo itabidi tusafiri kidogo.

Mtu wa nyuma ya mlango

Anayezungumza jioni hizo kwa kawaida ni mhifadhi. Wengi hudhani kazi ya mhifadhi ni kufuta vumbi na kuangalia vitu visiibwe. Anayafanya hayo, au anahakikisha yamefanyika, lakini kazi yake hasa ni kuujua mkusanyo. Mkusanyo ni vitu vyote vinavyotunzwa na jumba, vinavyoonyeshwa na visivyoonyeshwa. Kimoja kimoja ndani yake, kiwe ngozi ya ndege, kipepeo kwenye pini au samaki ndani ya chupa, huitwa sampuli.

Idadi za sampuli hizo hushangaza. Natural History Museum ya London ina takriban milioni 80. Kati ya hizo, zilizotiwa ndani ya spiriti zisioze ni kama milioni 22, zimepangwa kwenye rafu ambazo zikiunganishwa zinafika kilomita 27. Humo yumo ngisi wa mita 8.62 aliyenaswa karibu na visiwa vya Falkland mwaka 2004, ambaye ilibidi atengenezewe tangi lake peke yake. Mgeni wa mchana anaona sehemu ndogo mno ya hazina hiyo. Nyingine yote iko nyuma ya milango, na mwenye ufunguo ni mhifadhi.

Hapo huja swali la pili, ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma sana: ndege mia tatu wa aina moja ni wa nini? Si angetosha mmoja?

Mmoja angetosha kama tungetaka kujua sura yake tu. Chukua mfano wa mayai ya kozi, yule ndege mwindaji mwenye kasi kuliko wote. Uingereza katika miaka ya 1950 kozi walianza kupungua, na waliokuwa wakiangalia viota waliona mayai yaliyopasuka chini ya mama zao. Mtafiti Derek Ratcliffe alikwenda kwenye mikusanyo ya mayai, mingi ikiwa imekusanywa miaka ya nyuma na watu waliofanya hivyo kwa kujifurahisha, akapima uzito na ukubwa wa maganda, mwaka kwa mwaka. Mwaka 1967 alichapisha alichokikuta: kwa miongo mingi maganda yalikuwa na unene ule ule, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 yakawa membamba ghafla. Huo ndio wakati DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilipoanza kumwagwa mashambani kwa wingi. Waliookota mayai yale mwaka 1900 hawakuwa na habari ya DDT, kwa kuwa ilikuwa bado haijatumika popote kama dawa ya wadudu. Yai moja lisingesema chochote. Mayai mengi, kila moja na tarehe yake, yalitoa ushahidi uliosaidia kuipiga marufuku dawa hiyo mashambani katika nchi nyingi.

Angalia kwamba nimesema "kila moja na tarehe yake". Sampuli isiyo na tarehe wala mahali ilipotoka ni kama risiti isiyo na jina la duka. Mhifadhi akionyesha kipepeo mzuri jioni hiyo, yeye mwenyewe macho yake yako kwenye kile kikaratasi kidogo kilichochomwa na pini chini ya kipepeo.

Ipo pia sampuli ya daraja la juu kuliko nyingine zote, ambayo hapa nitaiita sampuli mama. Ni ile ambayo mtaalamu aliitumia alipoelezea aina mpya ya kiumbe na kuipa jina kwa mara ya kwanza. Mtu yeyote baadaye akibisha kama mnyama fulani ni wa aina hiyo au siyo, watarudi kwenye sampuli mama kulinganisha. Okapi wa misitu ya Kongo aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1901 kwa sababu ya vipande viwili vya ngozi yenye mistari, vilivyokuwa vimekatwa mikanda, ambavyo Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Uganda, alivituma London. Wataalamu walivitazama wakasema huyu ni aina ya pundamilia. Baadaye ikafika ngozi nzima na mafuvu, ikabainika kwamba ni ndugu wa twiga. Wakazi wa msitu wa Ituri, waliokuwa wakimla na kuvaa ngozi yake, hawakuwa na shaka hata siku moja juu ya mnyama huyo.

Kwa nini jioni?

Kwa sababu mchana watu wako kazini. Jibu ni jepesi, lakini kulikubali kulichukua miaka mingi na ugomvi usio mdogo.

British Museum ya London, ambako mikusanyo ya viumbe ilikaa hadi ilipopata jumba lake mwaka 1881, ilikataa kabisa taa za gesi kwa kuogopa moto. Jua likizama, milango ilifungwa. Maana yake ni kwamba fundi wa uashi, mpagazi wa bandarini na msichana wa kiwandani walikuwa na jumba la taifa ambalo hawawezi kuliingia siku ya kazi. Mwaka 1857 makumbusho mengine ya jiji hilo, yaliyokuwa South Kensington na yaliyoshughulikia sanaa na ufundi, yalifunguliwa yakiwa na taa za gesi, makusudi kabisa ili wafanyakazi waje usiku. British Museum ilisubiri umeme.

Wakati mabwana wa majumba hayo wakibishana juu ya taa, Thomas Henry Huxley alikuwa ameanza kazi. Huyu alikuwa mtaalamu wa viumbe aliyeshughulikia mabaki ya viumbe vya kale katika makumbusho ya jiolojia ya Mtaa wa Jermyn, London. Kuanzia mwaka 1855 alitoa mfululizo wa mihadhara kwa ajili ya watu wa kazi za mikono. Ile ya mwishoni mwa 1862, iliyoeleza mawazo ya Charles Darwin juu ya viumbe kubadilika vizazi kwa vizazi, iliandikwa kwa hati mkato na mmoja wa wasikilizaji na kuchapishwa kitabu. Ikumbukwe kwamba kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kitoke, na maaskofu na maprofesa walikuwa bado wakirushiana maneno. Mafundi walikuwa wakiyasikia moja kwa moja kutoka kwa mtu aliyekuwa katikati ya ugomvi.

Mhadhara wake unaonivutia kuliko yote ni ule wa mwaka 1868, alioutoa mbele ya wafanyakazi wa mji wa Norwich. Somo lake lilikuwa kipande cha chaki. Kila fundi seremala alikuwa nacho mfukoni, na chini ya mji wenyewe kuna tabaka nene la mwamba huo mweupe. Huxley aliwaeleza kwamba chaki ikisagwa na kutazamwa kwa hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, inaonekana imejaa magamba ya viumbe wadogo mno waliokufa. Kisha akawapeleka chini ya bahari ya Atlantiki, ambako manowari zilizokuwa zikipima kina kwa ajili ya kutandaza waya wa simu ya maandishi zilikuwa zimezoa tope la sakafuni, tope lililojaa magamba ya namna hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amelichunguza. Basi ardhi waliyoikanyaga ilikuwa zamani sakafu ya bahari, na ilichukua muda usiohesabika kwa karne kurundikana.

Sioni njia bora zaidi ya kufundisha. Kitu ni kimoja, wasikilizaji wanakijua, na hoja inajengwa hatua kwa hatua mpaka kila mtu anajiona amefika mwenyewe. Mhifadhi mzuri wa leo anafanya hivyo hivyo. Mhifadhi mbaya anakuja na slaidi tisini.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Kinachoonyeshwa mchana ni sehemu ndogo sana ya mkusanyo.
- Thamani ya sampuli iko kwenye maelezo yake: nani, wapi, lini.
- Mazungumzo ya jioni yalianzishwa kwa ajili ya watu ambao mchana si wao.

Kinacholetwa mezani

Mara nyingi mhifadhi hufika na trei. Anaweza kuvaa glavu, na watu hudhani ni kwa ajili ya kulinda sampuli dhidi ya jasho la mikono. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine ambayo haimo kwenye kibao chochote: ngozi nyingi za zamani zina sumu. Kwa muda mrefu wakaushaji wa wanyama walipaka ngozi sabuni yenye aseniki ili wadudu wasizile, na sumu hiyo haiishi kwa kupita miaka. Ndege mrembo wa mwaka 1890 anaweza kumdhuru mtoto anayemshika kisha akala andazi. Mhifadhi akikwambia usiguse, mtii.

Siri nyingine isiyo kwenye kibao haina sumu. Pale Nairobi, uani mwa makumbusho, amesimama tembo Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970 kwa sababu ya meno yake yaliyokaribia kugusa ardhi. Alikufa mwaka 1974. Watoto hupigwa picha naye kila siku, na wengi huondoka wakiamini wamepigwa picha na tembo aliyekaushwa. Yule wa uani ni sanamu ya faibaglasi. Mifupa yake halisi imetunzwa mbali na jua na mvua. Anayeuliza ndiye huambiwa.

Mjusi wa Tendaguru

Sasa tuje kwenye swali ambalo Mtanzania yeyote anayeingia Museum für Naturkunde ya Berlin huwa nalo mdomoni kabla hajafika mlangoni. Limeulizwa vijiweni, limeulizwa magazetini, limeulizwa hadi bungeni: mjusi wetu atarudi lini?

Mjusi huyo ni dinosaria, mmoja wa wale watambaazi wakubwa waliotoweka zamani sana. Yeye aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mifupa yake ni visukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe baada ya kufukiwa. Amesimama ukumbini akiwa na kimo cha mita 13.27, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Alitoka kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi.

Kibao kinaweza kukwambia hayo. Ila ukikaa na mhifadhi jioni moja, ukamuuliza vizuri, habari inapanuka.

Muulize, kwanza, kama huyu ni mjusi mmoja. Si mmoja. Ameungwa kwa mifupa ya mijusi zaidi ya mmoja, na baadhi ya sehemu, ikiwemo mifupa ya uti wa mgongo iliyokuwa mizito na dhaifu mno kuning'inizwa, ni plasta. Muulize jina. Mtaalamu wa Kijerumani Wernher Janensch alipomwandika mwaka 1914 alimweka kwenye ukoo wa Brachiosaurus, jamaa wa dinosaria aliyepatikana Marekani. Baadaye wataalamu walilinganisha mifupa upya wakaona tofauti ni nyingi mno, na leo anaitwa Giraffatitan. Kwa hiyo hata kibao kimebadilika, jambo ambalo msomaji wa kibao hawezi kulijua kwa kukisoma.

Kisha muulize nani alimchimba. Hapa ndipo jioni inapopata uzito. Msafara wa Wajerumani ulifanya kazi Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Picha maarufu ni za mabwana wa kizungu wenye kofia ngumu, lakini wachimbaji walikuwa wenyeji wa kusini, mamia yao, wakifika kama 500 katika msimu mmoja. Vita vya Majimaji, vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, miaka miwili tu kabla ya jembe la kwanza, na nchi ile ilikuwa bado na majivu na njaa. Mtu aliyekubali kuchimba mifupa kwa ujira katika hali hiyo, je, alikuwa na hiari kiasi gani? Mhifadhi mkweli hatalikwepa swali hilo. Mifupa ilifungwa kwa matope na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, zaidi ya tani 200 kwa jumla.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho. Alijifunza kutambua mfupa na mahali ulipo kwenye mwili wa mnyama kiasi kwamba Waingereza walipokuja kuchimba hapo hapo mwaka 1924, wakiongozwa na William Cutler na kijana Louis Leakey, yeye ndiye waliyemtegemea. Cutler alikufa kwa malaria Lindi mwaka uliofuata. Leakey alirudi masomoni, na miaka ya baadaye akawa mhifadhi wa makumbusho ya Nairobi. Boheti hakupewa kiti kwenye jumba lolote. Ilibidi ifike mwaka 2007 ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru aliyekuwa kwenye mkusanyo wa Berlin akapewa jina linalomtaja: Australodocus bohetii.

Na swali la kurudi? Mhifadhi hana mamlaka ya kulijibu, maana ni jambo la serikali mbili. Lakini kusema "hilo waulizeni wanasiasa" na kuhamia swali linalofuata ni kuwakosea watu adabu. Anaweza kueleza mfupa unahitaji nini ili usiporomoke, sampuli mama ni zipi, zimewahi kusafirishwa namna gani, na nakala hutengenezwaje. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mifupa ile iliteremshwa ili isiharibiwe na mabomu, na kati ya 2005 na 2007 ilishushwa tena yote, ikasafishwa na kuungwa upya kwa mkao mwingine. Yaani inashushika. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba hoja ya kwamba mifupa ni dhaifu mno kusafirishwa hutumiwa zaidi ya inavyostahili, na ningependa kumsikia mhifadhi akinipinga kwa vipimo, ukumbini, mbele ya watu.

Habari zinazotoka upande wa viti

Tumezungumza kana kwamba elimu huteremka kutoka jukwaani. Mara nyingine hupanda.

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mhifadhi kijana wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kuangalia samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Chini ya lundo la papa aliona pezi la rangi ya samawati. Akatoa samaki wa mita moja na nusu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyokaa kama miguu. Dereva wa teksi alikataa kumbeba kabla ya kubembelezwa. Chumba cha maiti cha mji kilikataa kumhifadhi. Joto likaanza kumwozesha, na hatimaye ilibidi akaushwe ngozi tu, sehemu za ndani zikapotea. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, aliyekuwa mbali likizoni, alipoona mchoro ambao Marjorie alimtumia alitambua kwamba huyo ni silikanti, ukoo wa samaki uliodhaniwa umetoweka pamoja na dinosaria.

Smith akataka wa pili, mzima. Alichapisha karatasi yenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100, ikasambazwa pwani yote ya mashariki ya Afrika. Ilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Yaani pwani ya Waswahili na visiwa vya Wangazija, ambako wavuvi wenyewe wapo, ilipelekewa tangazo la lugha tatu na hakuna hata moja ya wavuvi. Tangu yule wa kwanza ilichukua miaka kumi na minne. Mwaka 1952, kisiwani Nzwani katika Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimnasa mmoja, na mwalimu mmoja wa pale aliyekuwa ameiona picha akamtambua sokoni. Samaki aliyetafutwa na dunia alikuwa na jina zamani pale: gombesa. Wavuvi walikuwa wakimnasa mara moja moja, na hawakumthamini kwa kuwa nyama yake haina raha.

Kwetu pia ameonekana. Mwaka 2001 mmoja alinaswa nje ya Malindi. Mwaka 2003 alipatikana Songo Mnara, Kilwa, kisha wakaanza kunaswa wengi upande wa Tanga, kwenye jarife, zile nyavu za papa zilizotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 Tanzania ilitenga eneo la bahari la Tanga kuwa hifadhi kwa ajili ya samaki huyo. Wa kwanza kumwona walikuwa watu wa jarife, na mhifadhi alikuja baadaye na futi ya kupimia.

Kwa hiyo ningependa kuona mazungumzo ya jioni ya makumbusho yetu yakifanywa kwa Kiswahili, na siyo Kiswahili cha kufungulia mkutano halafu slaidi zote Kiingereza. Sisemi hivyo kwa uzalendo wa sherehe. Mvuvi wa Mwarongo, kule Tanga, akiwa kwenye kiti cha nyuma, anajua nyavu zilitegwa kina gani, maji yalikuwa ya baridi kiasi gani, na mwezi ulikuwa mchanga au mkubwa. Akishindwa kufuata lugha, atanyamaza, na mkusanyo utakosa tarehe zake.

Ukienda

Berlin ilianza mwaka 1997 usiku mmoja wa kufungua makumbusho mengi kwa pamoja hadi saa za usiku wa manane, na miji mingi ya Ulaya imeiga. Kwetu jioni kama hizo ni chache na hutangazwa kwa watu wale wale, basi itabidi uulize mapokezi unapokwenda mchana. Ukishapata nafasi, usiogope kwamba swali lako ni la kitoto. Haya yamethibitika kuwafungua wahifadhi kinywa:

1. Hiki ni chenyewe au ni nakala? Kama ni nakala, chenyewe kiko wapi?
2. Nani alikipata, na jina lake limeandikwa?
3. Mnajuaje umri wake?
4. Ni jambo gani mliloliamini juu yake zamani na sasa hamliamini?
5. Nyuma kabatini mna nini ambacho ungependa tukione lakini hakina nafasi?

La nne ndilo ninalolipenda, kwa sababu hakuna kibao kinacholijibu. La pili huleta kimya kifupi katika majumba ya zamani, na kimya hicho nacho ni habari.

Watu wengine huja na vitu vyao wenyewe: jino lililookotwa korongoni, mdudu ndani ya kopo la maziwa, jiwe lenye umbo la konokono. Wahifadhi wengi hufurahi, mradi uwape la kuanzia. Andika mahali ulipokipata kwa jina ambalo mtu mwingine anaweza kulifuata, na tarehe, na kama kilikuwa juu ya ardhi au ndani ya mwamba. Isipokuwa kama ni kisukuku ambacho bado kimo ardhini. Hicho usikichimbue, visukuku vinalindwa na sheria za mambo ya kale, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Kipige picha kilipo, weka sarafu au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha mpelekee mhifadhi picha hiyo jioni, na umwachie namba yako ya simu, kwa sababu akiona alichokitarajia atakuomba umwongoze njia.